Tamko la Wauguzi wa Radiolojia kuhusu Matunzo na Usalama wa Mgonjwa katika Chumba cha Picha, na Elimu ya Wanaomuuguza

1. Sisi wauguzi tunaohudumu katika idara za radiolojia nchini Tanzania, kwa kauli moja na kupitia chama chetu, tunautolea umma tamko hili. Tunalifikisha pia kwa Wizara yenye dhamana ya afya, kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa Tume ya Nguvu za Atomu, na kwa waganga wafawidhi wa hospitali za Serikali, za mashirika ya dini na za binafsi. Msingi wake ni huu: mgonjwa anayeingia chumba cha picha hajaacha kuwa mgonjwa. Haki yake ya kuuguzwa inaingia pamoja naye. Haibaki wodini ikimsubiri mpaka picha iishe.

HALI ILIVYO

2. Nchi imepiga hatua ambayo Chama kinaitambua na kuishukuru. Kwa mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021 wa kukabili athari za UVIKO-19, na kwa bajeti za miaka iliyofuata, mashine za CT-Scan zimefika katika hospitali za rufaa za mikoa ambazo awali hazikuwa nazo. Majeruhi wa bodaboda aliyeumia kichwa, ambaye zamani ndugu zake walichangishana nauli ya kumpeleka hospitali ya kanda au Dar es Salaam ili ijulikane kama damu imevia ubongoni, leo anaweza kupata jibu mkoani kwake. Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo, tangu mwaka 2018, imekuwa ikijenga huduma ya radiolojia tiba, ambamo daktari huingiza sindano na mirija mwilini akiongozwa na picha, na kazi iliyokuwa ikihitaji upasuaji mkubwa hufanyika kupitia tundu dogo la ngozi.

3. Mashine hizi zimebadili kazi ya chumba cha picha. Ikama ya wauguzi na mafunzo yao havijabadilika kwa kiasi hicho. Eksirei ya kifua huisha kwa dakika chache: mgonjwa husimama, huvuta pumzi, huondoka. CT-Scan ya mishipa ni jambo jingine. Pampu husukuma dawa ya kung'arisha picha kwa kasi ya mililita 3 hadi 5 kwa sekunde, na kanula iliyowekwa vibaya huimwaga chini ya ngozi kabla mtu hajawahi kuisimamisha. MRI humtaka mgonjwa alale bila kujitikisa kwa nusu saa na zaidi, ndani ya mtambo wenye kelele na nafasi finyu. Katika radiolojia tiba, mgonjwa huwa kati ya usingizi na kuamka, amepewa dawa za kutuliza na za maumivu, amefunikwa vitambaa safi toka kifuani hadi miguuni, na aghalabu daktari wa usingizi hayupo chumbani.

4. Ipo fikra ya zamani ambayo bado ina nguvu, kwamba radiolojia ni mahali pepesi, pa kumpeleka muuguzi aliyechoka au anayekaribia kustaafu akapumzike. Chama kinaikataa. Mgonjwa wa chumba cha picha ndiye yule yule wa chumba cha mahututi, wa idara ya dharura na wa leba. Tofauti ni kwamba ametenganishwa na waliokuwa wakimwangalia, amesukumwa kwenye machela kupita korido ndefu, na mara nyingi aliyemleta hajui dripu yake ina dawa gani.

5. Mionzi inapotoka, watoa huduma hujitenga nyuma ya kioo chenye risasi, na hivyo ndivyo sheria na busara zinavyotaka. Mtaalamu wa mionzi macho yake yapo kwenye ubora wa picha. Daktari wa radiolojia macho yake yapo kwenye maradhi. Anayemtazama mtu mzima mzima, rangi ya midomo yake, mwendo wa kifua chake, mkono unaokunjwa ghafla kwa maumivu, ni muuguzi. Akikosekana, kazi hiyo haihamii kwa mwingine. Haifanyiki.

HATARI ZINAZOJULIKANA

6. Dawa ya kung'arisha picha yenye iodini hutumiwa salama na watu wengi kila siku duniani. Kwa wachache huleta mzio, na kwa wachache zaidi mzio huo huua. Dalili kubwa hujitokeza aghalabu katika dakika 20 za mwanzo. Ndiyo sababu miongozo ya Ulaya inataka mgonjwa abaki karibu na watoa huduma kwa dakika 30 baada ya sindano. Dawa ya kumwokoa inajulikana: adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje, bila kungoja. Haidrokotisoni, ambayo mikono mingi huikimbilia kwanza, huchukua saa kadhaa kufanya kazi yake, na mgonjwa anayezibwa koo hana saa hizo. Adrenalini ni dawa ya bei ndogo. Kuikuta imefungiwa kwenye famasia ya jengo jingine, ufunguo ukiwa kwa mtu aliyekwenda kula, ni jambo ambalo wanachama wetu wanalifahamu na ambalo halina utetezi.

7. Yapo pia mazoea yanayoonekana kuwa ni tahadhari ilhali hayamlindi mtu. Pwani hasa, mgonjwa huulizwa kama anadhurika na samaki au kamba, na akikubali kipimo huahirishwa, kwa dhana kwamba iodini ndiyo inayomdhuru katika vyote viwili. Mzio wa kamba hutokana na protini zilizomo katika viumbe hao. Iodini haihusiki. Maswali yenye uzito ni haya: je, aliwahi kupewa dawa hii akadhurika? Ana pumu? Figo zake zikoje? Anatumia metformin? Mwenye kisukari ambaye kipimo cha uchujaji wa figo kimeshuka chini ya 30 anapaswa kusimamisha metformin wakati wa kupewa dawa hiyo, na kuirudia baada ya saa 48 figo zikishapimwa tena na kuonekana hazijadhoofika zaidi. Muuguzi aliyefundishwa huyajua haya. Asiyefundishwa huuliza kuhusu samaki.

8. Sumaku ya MRI haizimwi jioni. Mgonjwa awemo au asiwemo, mtambo wa tesla 1.5 una nguvu inayokaribia mara 30,000 ya usumaku wa dunia. Mwezi Julai mwaka 2001, katika jimbo la New York nchini Marekani, mtoto wa miaka 6 aliyekuwa amelala ndani ya mtambo wa namna hiyo aliuawa na mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani na kuvutwa na sumaku. Mwezi Januari mwaka 2018, mjini Mumbai nchini India, mtu aliyemsindikiza ndugu yake hospitalini alivutwa pamoja na mtungi wa oksijeni alioushika, akafa. Ndugu zake walieleza kwamba aliambiwa mashine imezimwa. Chama kinayataja matukio haya mawili kwa sababu yanatuhusu moja kwa moja. Mtungi wa oksijeni ni chombo cha muuguzi. Na hapa kwetu, kama ilivyokuwa Mumbai, ndugu wa mgonjwa ndiye anayesukuma machela na kubeba mizigo, kwa kuwa watumishi hawatoshi.

9. Kwa hiyo mlango wa MRI unahitaji mlinzi aliyesoma, anayejua aulize nini na aulize vipi. Pini za mtandio, vibanio vya nywele, sarafu zilizofungwa kwenye pindo la kanga, bangili isiyovulika tangu harusi, hirizi yenye kifuko cha chuma: vitu hivi haviandikwi kwenye fomu zilizotafsiriwa kutoka kwingine, na mgonjwa hatavitaja akiulizwa kwa sauti mbele ya foleni. Mama mtu mzima hawezi kuamriwa avue mtandio wake kwenye korido. Apewe faragha na muuguzi wa kike, na aelezwe sababu. Heshima hiyo ni sehemu ya ukaguzi wenyewe, kwa sababu aliyeaibishwa huficha.

10. Mwaka 2004, katika hospitali moja mjini Seattle, Marekani, mgonjwa mwenye umri wa miaka 69 aliyekuwa akitibiwa uvimbe wa mshipa wa ubongoni kwa njia ya radiolojia tiba alidungwa klorheksidini, dawa ya kusafishia ngozi, badala ya dawa ya kung'arisha picha. Alifariki dunia. Hospitali ile ilikuwa imeacha kutumia dawa ya kusafishia ya rangi ya kahawia na kuanza kutumia isiyo na rangi, na juu ya meza moja zikawepo bakuli zenye vimiminika vinavyofanana, bila maandishi. Ilikiri hadharani na ikabadili utaratibu wake. Kinga ya jambo lile ni kipande cha plasta na kalamu. Kila bakuli na kila bomba la sindano liandikwe kabla ya kujazwa, na kilichokutwa hakina jina kimwagwe, hata kama aliyekimimina yupo na anaapa kwamba anakijua.

11. Kuhusu utambulisho wa mgonjwa, Chama hakitarefusha maneno. Katika nchi ambamo foleni moja inaweza kuwa na akina Asha Juma wawili na akina Juma Ali watatu, muuguzi asimuulize mtu "Wewe ndiye Asha?" kwa kuwa mgonjwa mwenye homa, maumivu au uziwi ataitikia jina lolote. Amwombe ataje mwenyewe majina yake matatu na tarehe au mwaka wake wa kuzaliwa, kisha alinganishe na fomu na jalada.

12. Mionzi ina mipaka ambayo dunia imekubaliana. Mfanyakazi anayefanya kazi na mionzi asipokee wastani unaozidi milisivati 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, na lenzi ya jicho nayo, tangu pendekezo la kimataifa la mwaka 2011, imewekewa kiwango hicho hicho. Muuguzi mjamzito akishatoa taarifa, mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisivati 1 kwa muda wote uliobaki. Nchini mwetu, Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 imeikabidhi Tume usimamizi wa mambo haya, na Tume ina huduma ya kupima mionzi anayopokea kila mtumishi kwa kifaa kidogo kinachovaliwa kifuani. Wanachama wetu wapo wanaosimama kando ya meza ya radiolojia tiba saa nzima, siku baada ya siku, bila kifaa hicho, kwa maelezo kwamba wao ni wauguzi na si wataalamu wa mionzi. Mionzi haisomi barua ya ajira. Anayesimama mita 1 kutoka kwa mgonjwa anapokea mara 4 ya anayesimama mita 2, na mara nyingi anayetakiwa kusogea karibu ili ashike mkono, arekebishe oksijeni na apime mapigo ni muuguzi.

13. Kwa mgonjwa, kanuni ni kwamba kila picha iwe na sababu, na dozi yake iwe ndogo kadiri inavyotosha kuleta jibu. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aulizwe kuhusu hedhi yake ya mwisho, kwa faragha, si mbele ya mume wala mama mkwe. Upande wa pili wa jambo hili hausemwi vya kutosha: mjamzito aliyegongwa na gari, au anayeshukiwa kuwa na damu iliyoganda mapafuni, asinyimwe kipimo kwa sababu ya woga. Kumpoteza mama ni kumpoteza mtoto pia.

14. Mashine za CT-Scan humwagiza mgonjwa avute pumzi na aizuie. Sauti inayotoka mara nyingi ni ya Kiingereza, kama ilivyokuja na mashine. Mzee wa Kisukuma aliyelala peke yake ndani ya duara lile hajui ameambiwa nini. Anapumua, picha inaharibika, kipimo kinarudiwa, na mionzi anaipokea mara ya pili. Mashine hizo zina uwezo wa kurekodiwa sauti mpya. Chama kinaomba kila idara irekodi maagizo hayo kwa Kiswahili, na pale wagonjwa wengi wanapozungumza lugha nyingine ya nyumbani, kwa lugha hiyo. Ni kazi ya asubuhi moja, na haihitaji bajeti.

MGONJWA BAADA YA KUTOKA CHUMBANI

15. Chama kinataka jambo hili litazamwe kwa kina, kwa sababu ndipo uuguzi wa radiolojia unapodharauliwa zaidi. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, na wengi hufika hospitali ikiwa imesambaa. Uvimbe hubana mirija inayotoka kwenye figo, mkojo hurudi nyuma, figo zinaanza kufa. Daktari wa radiolojia huweza kupitisha mrija mwembamba kupitia ngozi ya mgongo hadi ndani ya figo, mkojo ukatokea kwenye mfuko wa nje. Figo zikapumua. Mama aliyekuwa haruhusiwi kuanza dawa za saratani akaruhusiwa.

16. Kisha mama huyo hurudi kwao, Kilwa au Kasulu, akiwa na mrija mgongoni mahali asipopaona. Nani amemfundisha yeye na binti yake kufunga bandeji bila kuuvuta? Nani amewaambia kwamba mfuko ukae chini ya usawa wa figo, umwagwe kabla haujajaa, na usilale sakafuni? Kwamba mkojo ukikatika ghafla, ukiwa usaha, au homa ikipanda kwa kutetemeka, hakuna kungoja kesho? Kwamba mrija hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi, hata kama haumsumbui? Katika zahanati ya kijiji anaweza asimkute hata mtoa huduma mmoja aliyewahi kuuona mrija kama ule. Mafunzo ya dakika 30 na karatasi moja ya Kiswahili, yenye maelezo kwa mgonjwa upande mmoja na kwa zahanati upande wa pili, pamoja na namba ya simu ya idara, ndiyo yanayoamua kama kazi ya daktari itadumu au itaishia kwenye maambukizi ya damu. Mafunzo hayo ni uuguzi. Hayatolewi mlangoni wakati machela inasukumwa nje.

17. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyetobolewa mshipa wa paja ili kufikia moyo, ini au ubongo. Saa za kwanza anahitaji mtu wa kumtazama kila dakika 15: kinena kama kinavimba, mguu kama una joto, mapigo ya unyayoni kama yapo, shinikizo la damu kama linashuka. Damu inayovujia ndani ya nyonga haionekani kwenye shuka. Kumrudisha mgonjwa huyo kwenye wodi ambamo muuguzi mmoja ana wagonjwa 40, bila makabidhiano ya mdomo na ya maandishi, ni kumwacha.

ELIMU

18. Mafunzo ya msingi ya uuguzi humwandaa muuguzi kwa wodi, leba, kliniki na jamii, na humwandaa vyema. Chumba cha picha hutajwa kwa kupita. Anayepangiwa huko hujifunza kwa kumtazama aliyemtangulia, ambaye naye alijifunza kwa kutazama, na makosa hurithiwa pamoja na ujuzi. Wauguzi wa radiolojia wa Marekani walijiundia chama chao mwaka 1981, wakakubaliana viwango vya kazi, na baadaye ukaanzishwa mtihani wa kuwathibitisha. Hatuombi kunakili mtaala wao. Tunaukumbusha umma kwamba taaluma hii ina maarifa yake, ambayo yamekwisha kuandikwa, kufundishwa na kupimwa kwingineko kwa zaidi ya miaka 40.

19. Mtaala tunaoutaka kwa Tanzania uguse kwanza yale yanayoua: mzio na ufufuaji, uangalizi wa mgonjwa aliyepewa dawa za kutuliza, usalama wa sumaku, kinga ya mionzi, utunzaji wa mirija na mishipa iliyotobolewa, na mawasiliano na mgonjwa mwenye hofu. Usomwe chumbani zaidi ya darasani. Uthibitishwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na cheti chake kiingizwe kwenye muundo wa utumishi, ili muuguzi aliyejifunza kwa miaka asihamishiwe wodi nyingine kwa barua ya siku moja na nafasi yake kujazwa na yeyote aliyepatikana.

20. Lisieleweke vibaya jambo moja. Wenzetu wataalamu wa mionzi wana sheria yao ya mwaka 2007 na baraza lao, na Chama hakidai sehemu yoyote ya kazi yao. Wengi wao wamekuwa wakibeba kwa miaka mizigo ambayo ilipaswa kuwa yetu, wakichoma sindano usiku peke yao na kumwangalia mgonjwa kwa jicho moja huku jingine likiwa kwenye skrini. Tunachokidai kinawapunguzia hatari hata wao.

MSIMAMO

21. Chama kinashikilia kwamba penye dawa ya kung'arisha mishipa, penye dawa ya kutuliza, au penye sindano inayoingia mwilini kwa kuongozwa na picha, muuguzi aliyefundishwa awepo, na awe na mamlaka ya kusimamisha kazi. Kuwepo bila mamlaka hakutoshi. Muuguzi anayeona bakuli halina jina, au mgonjwa aliyekula chakula saa moja iliyopita ilhali anataka kupewa usingizi, aseme "Tusimame", na kila aliyemo asimame, awe mwanafunzi au bingwa. Hoja yake ikionekana haina uzito, kazi itaendelea baada ya dakika mbili. Dakika hizo hazimdhuru mgonjwa.

22. Chama kinafahamu uhaba wa watumishi. Kinafahamu pia kwamba mashine inayogharimu mabilioni ya shilingi haiwashwi bila fundi, bila umeme wa uhakika na bila kiyoyozi, na hakuna mtu anayeuliza kama vitu hivyo ni anasa. Muuguzi ahesabiwe katika gharama ya mashine tangu siku ya zabuni.

AZIMIO

23. Kuanzia siku ya tamko hili, mwanachama hatachoma dawa ya kung'arisha picha mahali ambapo adrenalini, oksijeni na kifaa cha kusaidia kupumua havimo ndani ya chumba kile kile. Isipokuwa pale daktari atakapoandika kwenye jalada, kwa jina na sahihi yake, kwamba kuchelewesha kipimo kunahatarisha uhai wa mgonjwa kuliko kukifanya. Hapo mwanachama atafanya, na ataandika alichokikosa.

24. Mwanachama aliyepewa jukumu la kumwangalia mgonjwa aliyetulizwa kwa dawa hatakubali jukumu jingine kwa wakati huo, iwe kuleta vifaa, kujibu simu au kushika mrija.

25. Mwanachama hatamfungulia mlango wa MRI mtu yeyote ambaye hajakaguliwa. Katazo hili linawahusu ndugu wa wagonjwa, mafundi, wageni wa Serikali, walinzi wao wenye silaha na viongozi wa hospitali yenyewe.

26. Kila idara yenye wanachama wetu itakuwa na daftari la matukio, likiwemo tukio lililokaribia kudhuru likazuiwa. Jina la aliyetoa taarifa halitaandikwa. Chama kitakusanya yaliyomo kila mwaka na kuyawasilisha Wizarani kabla ya tarehe 17 Septemba, ambayo tangu mwaka 2019 ni Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani. Tunawaomba waganga wafawidhi wasilitumie daftari hilo kutafuta wa kumwadhibu. Likitumiwa hivyo hata mara moja, litabaki tupu.

27. Chama kitaandaa rasimu ya mtaala na kuikabidhi kwa Baraza, na wakufunzi watatoka miongoni mwa wanachama wenye uzoefu, bila malipo kwa kundi la kwanza. Tunaiomba Tume ya Nguvu za Atomu, kwa upande wake, imhesabu kila muuguzi wa radiolojia kuwa mfanyakazi wa mionzi, apewe kifaa cha kupima, asomewe matokeo yake, na apewe aproni ya risasi inayomtosha mwili na isiyopasuka ndani.

28. Mwanachama atakayeadhibiwa, kuhamishwa au kutishwa kwa kutekeleza aya ya 23, 24 au 25 atakuwa ametekeleza agizo la Chama, na Chama kitajibu kwa niaba yake mbele ya mwajiri, mbele ya Baraza na mbele ya mahakama.

29. Nakala za tamko hili zibandikwe kwa Kiswahili katika sehemu wanakosubiri wagonjwa, ili mwenye zamu ya kuingia ajue anachostahili kukikuta ndani, na akiulize.

Limetolewa Dar es Salaam, na Halmashauri Kuu ya Chama, kwa niaba ya wanachama wote.